Kioo cha Kupimia Zege la Moto

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa mwiko wala karai. Nilipewa donge. Msimamizi wa Matanuri, Mzee Kaguthi, alichota zege bichi, akalifinyanga likawa na ukubwa wa chungwa, akaniambia nilirushe juu hadi usawa wa kichwa kisha nilidake. Nikalirusha. Liliporudi mkononi lilinitapakaa vidoleni na kunichafua hadi kwenye kiwiko, na mafundi wote wakacheka.

"Hiyo iko na maji mingi," alisema Mzee Kaguthi, naye hakucheka. "Nimeweka maji mingi makusudi uone. Sasa hutasahau."

Kweli sijasahau. Donge likivunjika ukilidaka, maji ni machache. Likitandaa kiganjani, yamezidi. Likikaa palepale kama lilivyofinyangwa, unaweza kulimwaga. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chetu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika karakana moja mjini Nyeri iliyojenga na kukarabati matanuri na boila kuanzia Mukurweini hadi Timau. Ninyi mnaoanza kazi hii leo mnaletewa mifuko iliyoandikwa kiasi cha maji hadi nusu kikombe. Siwaonei wivu kwa hilo. Niliyemwonea wivu ni mtu mwingine, na habari zangu za kazi siwezi kuzieleza bila kumtaja.

Kwanza niwaeleze zege lenyewe. Zege la kawaida, lile la nyumba na madaraja, hushikana kwa sababu simiti imenywa maji na kuyafunga ndani yake. Ukilitia kwenye moto mkali, maji yale yaliyofungwa hutoka, na zege hubaki unga. Mwashi hodari wa nyumba akijenga tanuri kwa simiti yake ya kila siku, halimalizi mwaka. Sisi tulitumia simiti nyingine, nyeusi kidogo, iliyotengenezwa kwa alumina, madini yanayohimili moto, na badala ya kokoto za mtoni tulichanganya vipande vya matofali ya tanuri yaliyosagwa. Zege hilo huganda upesi, kwa hiyo ukishalikoroga huna nafasi ya kupiga soga. Ndani yake tunatanguliza vyuma vilivyopindwa kama pembe za mbuzi, vilivyochomelewa kwenye bati la tanuri, ili vilishikilie lisidondoke. Kila chuma tulikipaka lami. Moto ukija, lami inaungua na kuacha upenyo mwembamba, chuma kinapata pa kutanukia bila kulipasua zege.

Lakini kulimwaga ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, na ndiyo iliyotofautisha fundi na kibarua, ni kulikausha. Zege bichi lina maji tumboni. Ukiwasha moto kwa pupa, maji yanageuka mvuke kabla hayajapata njia ya kutoka, na mvuke uliofungiwa hulipasua zege kwa kishindo. Kwa hiyo unawasha moto mdogo, unaulea siku nzima, unaupandisha kidogo, unaulea tena. Katika bati la nje tulitoboa matundu ya upana wa penseli ili mvuke upite. Na hapo ndipo kilipoingia kioo.

Kilikuwa kioo kidogo cha kunyolea, cha mviringo, chenye ukingo wa bati, nacho kilikuwa cha Mzee Kaguthi. Alikiweka mbele ya tundu la mvuke. Kikifanya ukungu, zege bado lina maji, na hakuna ruhusa ya kuongeza kuni. Kikibaki safi mara tatu, saa moja moja kati ya kipimo na kipimo, aliandika jina lake katika daftari la kiwanda, na moto ukapandishwa. Meneja wa kiwanda angeweza kufoka hadi akaukiwa na mate, moto haukupanda bila jina la mwenye kioo. Desturi ya karakana ilikuwa hivi: kioo kina mtu mmoja, na siri zake zote huambiwa huyo mmoja siku anapokabidhiwa. Sisi wengine tulibeba maji.

Mkurugenzi wetu alikuwa mzee wa Kihindi ambaye babu yake ndiye aliyeanzisha karakana ile. Alizaliwa Nyeri, akasema Kikuyu vizuri kuliko wajukuu zangu, na kila Ijumaa alipita benchi kwa benchi akitusalimu kwa majina. Kwa miaka mitatu ya kwanza, akifika kwangu, alinigonga bega na kusema, "Wachira, wewe ndiyo utashika kioo siku moja." Nililichukua neno hilo kama ahadi. Nilimwambia mke wangu. Nilimwambia mama mkwe wangu kule Tetu. Pengine niliwaambia wengi mno.

Kisha akaja Mugambi kutoka Timau.

Alikuwa ameachana na kazi ya kuendesha boila katika shamba la maua, zile boila wanazotumia kuchemsha udongo ili kuua magonjwa. Nilimzidi umri kwa miaka minne na kazini kwa mitatu. Siku yake ya kwanza Mzee Kaguthi alimpa donge lenye maji mengi, kama alivyompa kila mgeni. Mugambi alilifinya kidogo, akalirudisha kwenye beseni bila kulirusha.

"Mzee, hii siwezi rusha," alisema kwa upole. "Itanichafua bure."

Hakuna aliyecheka. Mzee Kaguthi alimtazama kitambo, akatabasamu. Mimi tabasamu lile sikuwahi kulipata, na nilikuwa nimelitafuta kwa miaka mitatu.

Tangu siku hiyo nilimhesabia Mugambi kila kitu. Nywele zake alizichana na kuzigawa kwa mstari ulionyooka kama uzi wa mwashi. Maandishi yake daftarini yalisomeka bila miwani. Tulipojenga tanuri la mkate mjini, upande wake ulipogongwa kwa nyundo ulilia kwa sauti kali na safi, na upande wangu ulilia vizuri pia, ila Mzee Kaguthi alirudi kuugonga wake mara ya pili, kwa raha tu. Mukurweini tulikarabati boila ya kuchemshia mitungi ya maziwa, na mwenyekiti wa wakulima akatuletea ndizi. Mkungu mkubwa akampa yeye. Mambo madogo, naam. Lakini mtu mwenye wivu hana jambo dogo. Niliporudi nyumbani Ruring'u jioni, nilimweleza mke wangu habari za ule mkungu hadi chakula kikapoa, naye akaniambia, "Baba Nyambura, si uoe huyo Mugambi, maana ndiye unamtaja kutwa."

Kioo kilimkasirisha mtu mmoja siku Mzee Kaguthi alipostaafu, na mtu huyo ni mimi. Tulikusanyika karakanani, chai ikamiminwa, Mkurugenzi akasoma maneno mazuri. Halafu Mzee Kaguthi akatoa kioo mfukoni, akakipangusa kwa leso, akapita mbele yangu. Namaanisha alipita hasa, koti lake lilinigusa. Akampa Mugambi, kisha akamchukua nje wakaongea karibu na tangi la maji. Niliwaona dirishani. Mzee alikuwa akieleza, Mugambi akiitikia kwa kichwa.

Baadaye nilimfuata Mzee Kaguthi langoni. Nilimuuliza kosa langu.

"Huna kosa," alisema. "Mkono yako ni mzuri. Lakini wewe ukishika kitu, unashika sana."

Nilidhani ananisifu kwa njia ya mafumbo. Nilikasirika tu.

Basi ikawa Mugambi ndiye anatembea na kioo, mimi nabeba maji. Kitu kimoja kiliniudhi kuliko vyote. Kati ya kipimo na kipimo hakukaa nacho. Alitoka nje ya chumba cha boila, akakiegemeza dirishani upande wa baridi, na mara kwa mara alionekana amekiinamia. Nilijua anachofanya. Anajitazama ule mstari wa nywele. Niliwaambia mafundi wengine, tukamcheka kisirisiri, na mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote.

Ikaja ile mvua ya El Niño, ambayo kila mtu wa milimani anaikumbuka kwa hasara yake. Kiwanda kimoja cha majani chai upande wa Tetu kilikuwa kimetuita tujenge upya mdomo wa tanuri la boila, lile tao la zege lililo juu ya mlango wa kuni. Mugambi alikoroga, mimi nikamwaga, na nasema bila haya kwamba ilikuwa kazi safi. Tukaliacha ligande chini ya magunia mabichi. Tukawasha moto mdogo. Kuni za mkaratusi zilikuwa zimelowa, moto ukawa wa kusinzia na kushtuka, na kukausha kukachukua muda kuliko kawaida. Huku nje malori ya majani yalikuwa yamepanga foleni. Boila isipotoa mvuke majani hayakauki, na majani yasipokaushwa yanaoza.

Siku ya tatu ya moto, asubuhi, alikuja mtu kutoka Timau na habari kwamba mama yake Mugambi amefariki siku chache nyuma, na mazishi ni jioni hiyo. Mugambi aliketi juu ya gogo la kuni kwa muda, kisha akasimama, akanifuata, akanitolea kioo.

"Wachira, ni wewe sasa. Nitarudi baada ya kuzika. Usipandishe moto mpaka nirudi, na kikuwe safi mara tatu. Na kuna kitu moja juu ya hii kioo..."

"Nimekiona hiki kioo tangu hujajua njia ya Nyeri," nilimwambia. "Nenda ukamzike mama. Pole sana."

Alisita. Watu wake walikuwa wakimngoja. Akaenda.

Mimi nikabaki na kioo. Siwezi kuwaeleza furaha yangu, na ilikuwa furaha mbaya, maana mwenzangu alikuwa kwenye msiba. Nilikitia kwenye mfuko wa shati, upande wa kifua, nikaufunga kifungo. Dirishani? Sikukiweka hata mara moja. Mimi sikuwa mtu wa kujitazama nywele. Kutwa nilisimama karibu na boila nikiwa nacho kifuani, nikikipapasa mara kwa mara kuhakikisha kipo. Nilikitoa kwa kupima tu, kisha nikakirudisha palepale.

Siku ya kwanza kilifanya ukungu asubuhi, nilipokuwa ndiyo kwanza nimeingia kutoka nje kwenye baridi. Baadaye kikawa safi. Nikangoja saa moja, safi. Saa nyingine, safi. Nilishangaa, kwa sababu kwa kuni zile mbichi nilitarajia siku mbili zaidi. Kisha nikaacha kushangaa. Nikajiambia kwamba Mugambi amekuwa akituchelewesha makusudi ili kazi ionekane ngumu, na kwamba fundi wa kweli amepatikana. Meneja wa Kiwanda alikuja akauliza, "Vipi, fundi?" Nikamwambia zege limekauka. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Ila jina langu halikuwa na idhini ya kuandikwa daftarini, kwa hiyo tulingoja Mugambi.

Alirudi kesho yake mchana, macho mekundu, viatu vikiwa na udongo wa kaburini. Meneja alikuwa amesimama mlangoni na daftari limefunguliwa. Nilimweleza Mugambi: mara tatu jana, mara tatu leo, safi. Nikafungua kifungo cha mfuko nikamrudishia kioo. Alikipokea, akakigeuza kiganjani, akanitazama. Nilidhani atasema neno. Meneja akasema, "Tafadhali, bwana, wakulima wamengoja." Mugambi akachukua kalamu, akaandika jina lake kwa yale maandishi yake mazuri.

Moto ulipandishwa. Haikupita saa mbili tao likapasuka. Nilikuwa uani, nikasikia mshindo mmoja mzito, halafu mingine midogo. Mchochea moto wa boila alikuwa ameenda kuleta kuni, na hiyo peke yake ndiyo rehema tuliyoipata. Tulipochungulia, nusu ya tao ilikuwa imeanguka kwenye makaa, na vyuma vya pembe za mbuzi vimebaki vikining'inia vitupu.

Kiwanda kilisimama. Majani yalioza kwenye vituo vya kununulia, wanawake wakayamwaga mashambani mwao wenyewe. Mama mkwe wangu alikuwa mmoja wao. "Huyo fundi wenu wa Timau ametuharibia majani," aliniambia. Nilimjibu kwamba ndivyo, ni bahati mbaya.

Mkurugenzi alikuja mwenyewe kwa gari, mvua ikinyesha. Tulisimama sisi watatu mbele ya lile tanuri. Hakufoka. Aliuliza tu nani aliandika daftari, na Mugambi akasema ni yeye. Kisha Mugambi akanigeukia, na mbele ya Mkurugenzi akaniuliza swali moja.

"Wachira, nilipokuwa kwetu, kioo ulikuwa unaweka wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nasema kweli, ni hapo na si kabla. Kioo hufanya ukungu kikiwa baridi. Kikiwa na joto la kifua cha mtu aliyesimama karibu na boila, mvuke unapita mbele yake na hauachi alama. Ile ndiyo siri iliyosemwa kando ya tangi la maji, ile niliyokataa kuisikia. Kule dirishani Mugambi alikuwa akikipoza, si kujitazama. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kuelekea kwenye mfuko wa shati. Niliurudisha.

"Dirishani," nikasema. "Mahali unawekanga wewe."

Alinitazama, akatikisa kichwa taratibu. Akamwambia Mkurugenzi, "Basi kosa ni yangu. Mimi ndiyo nimesaini."

Mwisho wa mwezi huo aliacha kazi kabla hajaachishwa. Aliweka kioo juu ya benchi langu, akarudi Timau kulima viazi. Kwa hiyo nilikipata. Nilikishika hadi nilipostaafu, na katika miaka yote hiyo hakuna tao langu hata moja lililopasuka, kwa sababu kila saa nilikwenda kukiweka dirishani kwenye baridi, na kila nilipoinama kukichukua nilijiona usoni. Mafundi wapya waliniita Mwalimu. Mkurugenzi alinipa saa ya ukutani siku ya kuniaga. Na bado, nikisikia mtu ametaja tanuri zuri mahali fulani, nilihofia kuuliza nani amelijenga.

Mwaka mmoja baada ya kustaafu nilimwomba binti yangu Nyambura anipeleke Timau. Nilimwambia nataka kununua viazi. Kioo kilikuwa mfukoni.

Mugambi alikuwa amezeeka vizuri, na hilo nalo liliniuma. Mstari wa nywele ulikuwa mahali pake, ila nywele sasa nyeupe. Alitukaribisha, mkewe akatuletea chai na mkate, na mkate ule ulikuwa umeokwa pale pale nyumbani. Nikaomba kuliona tanuri. Lilikuwa nyuma ya jiko, dogo, la mdomo wa tao. Nililigonga kwa kifundo cha kidole. Likalia. Alikuwa amelijenga mwaka ule ule aliotoka kwetu, na halikuwa na ufa hata wa kupitisha unywele.

Nikamwambia. Sikuzunguka. "Mugambi, kioo hakikuwa dirishani. Kilikuwa mfukoni, hapa."

"Najua," alisema.

"Unajua vipi?"

"Ulinipatia kikiwa moto. Nilishika hivi, nikajua. Nikasema nitapima tena mwenyewe." Alikuwa akichokoa majivu kwa kijiti. "Lakini nilikuwa nimetoka kuzika mama. Huyo meneja alikuwa mlangoni na hiyo daftari. Nikachoka, Wachira. Nikasaini. Mtu akishika kioo moto na asaini, hiyo kosa si ya mwingine."

"Lakini nilidanganya. Mbele ya Mkurugenzi."

"Ulidanganya, ndiyo. Hiyo ni yako. Lakini tao ni yangu."

Miaka yote nilikuwa nimeubeba mzigo ule nikidhani ni mimi niliyemwangusha, na katika aibu yangu kulikuwa na kitu kama kiburi, kwamba angalau jambo moja katika maisha ya mtu huyu nilifanya mimi. Naye hata hilo alikuwa amelichukua tangu zamani, akalitia sahihi yake, akaendelea kulima viazi. Nilimwonea wivu hapo hapo, kando ya tanuri lake, mzee mzima na mvi zangu.

Nilitoa kioo nikampa. Alikipokea, akakigeuza kiganjani kama siku ile, akacheka kidogo, akanirudishia.

"Kaa nacho. Mimi hapa siwapimii watu zege."

Alitujazia gunia la viazi na kukataa kulipwa. Tulipokuwa tukiondoka aliegemea dirisha la gari, akaniambia nisalimie watu wa Nyeri, kisha akasimama njiani akitupungia hadi tukapinda.

Nilikuwa nimekusudia kukiweka kioo juu ya dashibodi, pale kwenye upepo. Tulipofika Nanyuki Nyambura aliniuliza mbona nimejishika kifua, kama naumwa. Nikamwambia siumwi. Nikafungua kifungo, nikakitoa. Kilikuwa kimeshapata joto.